Ni Pranki Tu, Buda

Kijana alikuwa wa miaka 14 hivi, sweta ya shule imefungwa kiunoni, flashi inaning'inia shingoni kwa kamba kama hirizi. Alilipia nusu saa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi na saiba ilikuwa na watu wachache: mama aliyekuwa akijaza fomu ya eCitizen, jamaa wa kuchapisha CV, na mzee wetu wa kila siku anayekuja kusoma magazeti. Mimi nilikuwa kaunta. Kijana akachomeka flashi, akafungua folda ya modi za GTA, akabonyeza mara mbili.

Skrini ikaingia giza. Halafu zikaanza kuchipuka sura za kucheka, moja, kumi, hamsini, kishale kikiyumba kama mlevi wa saa nane usiku, spika zikitoa mlio wa mbuzi kwa sauti ya juu kabisa. Saiba nzima ikageuka. Mzee wa magazeti alicheka hadi akavua miwani. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikazima mashine kwa swichi, nikaiwasha tena, ikaja vizuri kama kawaida. Kijana alikuwa ameiva kwa aibu. Nikamwongezea dakika kumi za bure, nikamwambia, "Usijali, ni pranki tu, buda."

Jumanne asubuhi barua pepe ya saiba haikuwa yetu tena.

Kama umeishi mtaa wowote wa Nairobi unajua barua pepe ya saiba ni kitu gani. Ni ile anwani iliyoandikwa kwa kalamu nene kwenye manila ukutani: TUMA KAZI YAKO HAPA. Wewe hutuma kitambulisho, mbele na nyuma. Hutuma cheti cha KCSE, PIN ya KRA, barua ya chifu, mkataba wa nyumba, ripoti ya hospitali, picha ya pasipoti ya mtoto. Unachapiwa, unalipa, unaenda zako. Faili inabaki. Ya kwetu ilikuwa na miaka sita ya watu wa mtaa mzima. Na kwa uvivu wetu, tulikuwa tumeifungua kwenye mashine zote tano ili mteja ajitafutie kazi yake mwenyewe.

Hakuna aliyebahatisha paswadi. Hakuna aliyetupigia simu akijifanya mhudumu wa wateja. Wakati mbuzi analia na sisi tunashika mbavu, kitu kingine, kimya, kilikuwa kinapekua kivinjari na kubeba kuki. Kuki ni kama ile bangili ya karatasi unayofungwa mkononi ukiingia konsati. Mlangoni wanaangalia tiketi mara moja tu. Baada ya hapo bangili ndiyo inakuongelea. Mtu akiichukua akaivaa yeye, haulizwi tiketi. Haulizwi paswadi, haulizwi zile tarakimu sita zinazotumwa kwa simu. Anaingia kama wewe. Akishaingia anabadilisha kufuli, na kuanzia hapo mgeni ni wewe.

Mwenye saiba, ambaye sote tunamwita Mathe, hakupiga kelele. Alikaa kwenye stuli akaniuliza swali moja: "Kwa hivyo vitambulisho vya watu viko wapi?" Sikuwa na jibu. Tulinunua manila nyingine, nikaandika kwa mkono wangu kwamba yeyote aliyewahi kututumia hati kwa barua pepe aje tuongee. Tukaibandika mlangoni. Watu walikuja siku tatu mfululizo. Yule mama wa fomu alikuja na mtoto mgongoni. Alikuwa ametutumia cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo huyo.

Naandika haya kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanielekea mimi. Lakini kuna kiasi kilichobaki, na hicho nataka kukigawa.

Wahenga walishasema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Sisi tuliozaliwa na intaneti tunadhani methali hiyo ni ya wazee wasiojua kucheka. Tumejenga utamaduni mzima juu ya kicheko cha kumshtua mwenzako, na katika utamaduni huo kuna tawi moja ambalo nimelifuatilia tangu siku ile. Ni programu za mzaha zinazovalishwa nguo za vifaa vya gemu. Inaitwa kiongeza kasi, kumbe inafungua madirisha mia. Inaitwa modi, kumbe inapiga kelele usiku wa manane. Inaitwa jenereta ya Robux au almasi za Free Fire, kumbe haizalishi kitu ila aibu. Watetezi wake wana majibu matatu, na nimeyasikia yote, mengine nimeyatoa mimi mwenyewe. Nitayachukua moja moja.

Jibu la kwanza: haikuharibu kitu, ilikuwa ya kuchekesha tu.

Sawa. Tuanze na historia, kwa sababu mchezo huu haukuanza jana. Mwaka wa 1982 mwanafunzi wa sekondari huko Pennsylvania, Marekani, Rich Skrenta, alikuwa na miaka 15. Marafiki zake walikuwa wamechoka kuazima diski za gemu kutoka kwake, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuzichezea ili zitoe maneno ya kuwakejeli. Basi akaandika programu iliyojificha kwenye diski za Apple II, ikajinakili yenyewe kutoka diski moja hadi nyingine, na ukiiwasha mara ya 50 inakuonyesha shairi fupi la kujitapa. Inaitwa Elk Cloner, na ni miongoni mwa virusi vya kwanza kabisa kusambaa nje ya maabara kwenye kompyuta za watu wa kawaida. Umeona? Mzaha, gemu na virusi vilizaliwa nyumba moja. Gemu ndiyo ilikuwa daladala, mzaha ndio ulikuwa nauli.

Sasa ruka hadi 2016. Kuna programu inaitwa MEMZ, iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanayoutube mmoja aliyekuwa akionyesha virusi vilivyoundwa na watazamaji wake. Ni kichekesho kitupu: inafungua tovuti za kipuuzi, inageuza rangi za skrini, inasukuma kishale. Halafu ukiizima mashine ukaiwasha tena, Windows haiji. Anakuja paka wa katuni anayeruka na upinde wa mvua, kwa sababu programu imeandika juu ya ile sehemu ya diski inayoiambia kompyuta jinsi ya kuamka. Aliyeitengeneza alikuwa na heshima ya kuweka maonyo mawili kabla haijaanza kazi: inakuuliza kama una hakika, kisha inakuuliza tena. Hebu fikiria ukiyafuta maonyo hayo, ukaibatiza jina jipya, ukaiita kiongeza kasi cha Minecraft, ukamtumia binamu yako wa darasa la saba. Hujaongeza hata mstari mmoja wa uharibifu. Umeondoa swali tu. Na swali hilo ndilo lililokuwa likitenganisha mzaha na shambulio.

Hapa ndipo watu wanaponipotezea. Wanadhani tofauti iko kwenye programu: hii ni ya kuchekesha, ile ni ya wizi. Mimi nasema tofauti ni ruhusa. Nikikuuliza nikupake unga usoni ukasema ndiyo, tunacheka wote. Nikikuambia ni poda ya dawa ya chunusi, ukajipaka mwenyewe, ukaaibika mbele ya watu, huo ni uongo uliofaulu, hata kama unga haujakuumiza.

Mfano unaonikaa kichwani kuliko yote ni wa 2017. Mkorea mmoja, mpenzi wa gemu za Touhou, aliandika kwa utani programu inayofunga mafaili yako yote kwa msimbo. Haidai pesa. Inataka ucheze gemu mojawapo ya Touhou, kiwango kigumu kabisa kinachoitwa Lunatic, upate zaidi ya alama milioni 200, ndipo ufunguliwe. Ukiifunga kabla ya hapo, ufunguo umepotea. Inaitwa Rensenware. Kusema kweli ni kichekesho kizuri, hata mimi nilitabasamu nikisoma. Jamaa aliiweka mtandaoni, na katika kuchezacheza akajikuta ameambukiza mashine yake mwenyewe. Hakuweza kufikisha zile alama. Ilibidi aombe radhi hadharani na kutoa kifaa cha kuidanganya programu yake kwamba alama zimefika. Huyo ni fundi, anaielewa kila herufi aliyoandika, na bado mzaha wake ulimgeukia ndani ya siku chache. Wewe uliyeipakua kwenye linki chini ya video, unaielewa kwa kiasi gani?

Hilo linanileta kwa jibu la pili: shida ni ya aliyebonyeza, ni ushamba wake, angekuwa makini.

Hili ndilo jibu linaloniudhi zaidi. Anayebonyeza ni nani? Gemu mpya kwenye soko la kimataifa huuzwa dola 60 hadi 70, yaani kati ya shilingi elfu saba na elfu tisa hivi. Kuna nyumba nyingi katika mtaa wetu ambazo kodi ya mwezi haifiki hapo. Kijana wa saiba hachagui kati ya kununua na kuiba. Anachagua kati ya flashi ya jamaa na kukaa kando akiangalia wengine wakicheza. Kila kitu alichowahi kucheza maishani kimetoka kwenye folda ya mtu. Sisi tuliomtangulia ndio tuliomfundisha hivyo. Nani hapa hakuwahi kubeba San Andreas kwenye flashi kutoka kwa jirani? Leo tunamcheka eti hakusoma leseni.

Na usiniambie wakubwa na wenye pesa hawanaswi. Mei 2015 wachezaji wa GTA V waligundua kwamba modi mbili walizokuwa wakizifurahia zilikuwa na mgeni ndani. Moja, Angry Planes, ilikuwa mzaha wenyewe: ndege zenye hasira zinamfukuza mchezaji angani na kujaribu kumgonga. Watu walirekodi video wakicheka. Nyuma ya hizo ndege kulikuwa na programu inayorekodi herufi unazobonyeza kwenye kibodi. Machi 2021 kampuni ya Activision, wenye Call of Duty, ilitoa ripoti kuhusu vifaa bandia vya kudanganyia katika Warzone ambavyo kazi yake halisi ilikuwa kuingiza programu za kuidhibiti kompyuta yako kutoka mbali. Juni 2023 ikawa zamu ya Minecraft. Wavamizi waliingia kwenye akaunti za watengenezaji wa modi halali, wakazitia sumu modi zenyewe zikiwa kwenye tovuti wanazoziamini wachezaji duniani kote. Sumu hiyo, iliyopewa jina la Fractureiser, ilibeba kuki, ikabeba akaunti za Discord, na ukinakili anwani ya pochi ya sarafu za kidijitali, ikabandika ya mwizi. Waliopakua hawakuwa washamba, walipakua mahali sahihi.

Hebu nirudi kwa ile ripoti ya Activision, kwa sababu ina jambo moja dogo ambalo ndilo moyo wa makala hii. Maelekezo ya vifaa hivyo bandia yalimtaka mchezaji azime antivairasi kwanza, kisha aiendeshe programu kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Na mchezaji aliona sawa, kwa sababu vifaa halisi vya kudanganyia katika gemu navyo huomba vivyo hivyo. Vinachezea kumbukumbu ya programu nyingine, antivairasi inaviona kama adui, kwa hiyo lazima izimwe. Mwizi hakuhitaji ujanja mpya. Alikuta mlango umeshafunguliwa na desturi.

Hiyo ndiyo hatari iliyojificha, na haionekani hata kwa yule anayeitafuta kwenye skana. Kila programu ya mzaha inayoishia vizuri inamfundisha mtu somo. Inamfundisha kwamba onyo jekundu la Windows ni kelele. Inamfundisha kwamba antivairasi ni mnoko anayewaharibia watu raha, mzime kwanza. Inamfundisha kubonyeza "endesha tu" bila kusoma. Kijana akipitia mizaha kumi isiyo na madhara, ya kumi na moja haitahitaji kumdanganya. Ameshazoea. Ni kama kumfundisha mtoto kwamba kila askari wa lango ni wa kuchekwa, halafu siku mwizi amekuja unauliza mbona hakupiga kelele.

Usidhani ni mambo ya kompyuta za mezani peke yake. Kwenye simu ndio kumeoza kabisa. Mtaani kwetu kitu kinachouzwa kwa vijana wakubwa kidogo ni ile programu ya kutabiri Aviator, ati inakuambia ndege itaruka hadi wapi kabla haijaruka. Wengine huiuza kwa doh, wengine huitoa bure "kwa masela tu". Hakuna programu ya simu inayoweza kujua matokeo hayo. Lakini ili uisakinishe unaambiwa uruhusu simu kupokea programu kutoka kokote, halafu uipe ruhusa ya kusoma SMS. Sasa wewe fikiria kilichomo kwenye SMS za Mkenya. Jumbe za M-Pesa, na nambari zote za siri za muda zinazotoka benki, eCitizen na WhatsApp. Umempa mtu usiyemjua kiti cha mbele, na ulichopata ni picha ya ndege.

Kwa nini wizi huu unapenda sana nguo za gemu na kicheko? Kwa sababu mtu anayecheka hatafuti jeraha. Kama skrini yetu ingezima tu ikanyamaza, ningeogopa. Ningechomoa waya wa mtandao, ningebadilisha paswadi asubuhi ile ile, nikiwa kwenye mashine nyingine. Badala yake mbuzi alilia, nikapata maelezo kamili ya kilichotokea, nikaridhika. Mzaha ulikuwa jibu lililotangulia swali. Nadhani hiyo ndiyo sababu aliyeifungasha programu ile alimwacha mbuzi ndani. Angeweza kumtoa.

Na hii si kazi ya vijana wawili wenye kiu ya sifa. Ni biashara. Mei 2025 Microsoft ilitangaza kwamba ndani ya miezi miwili tu ilikuwa imehesabu kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 zilizoambukizwa programu moja ya kubeba paswadi na kuki inayoitwa Lumma. Programu za aina hiyo hukodishwa kwa mwezi, kama unavyolipia Netflix. Wateja wake hawahitaji kujua kuandika kodi. Wanahitaji chambo, na chambo cha bei nafuu kuliko vyote ni neno "bure" likiwa kando ya jina la gemu.

Jibu la tatu ndilo lililokuwa langu: hivi ndivyo watu hujifunza kompyuta, usiwakatishe vijana tamaa.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, kabla sijakiacha, niliandika faili ndogo ya mistari tisa. Niliipa jina la kuondoa kukwama kwa FIFA, nikaibadilisha na ikoni yake. Ukiibonyeza ilifungua Notepad mara hamsini, kila moja ina tusi la kirafiki, kisha inazima kompyuta bila kuuliza. Nilimwekea rumeti wangu kwenye flashi. Aliibonyeza saa tano usiku, siku moja kabla ya kuwasilisha ripoti ya atachimenti. Kurasa 11 ambazo hakuwa amezihifadhi zikaenda. Nilikuwa kitandani juu, nimejifunika blanketi, nacheka peke yangu. Yeye hakutukana. Aliwasha taa ya meza, akaanza upya, akaandika hadi alfajiri. Nilimwambia ni pranki tu. Akaniambia, "Najua." Hatukuongea wiki mbili, na baada ya hapo tuliongea kama watu wanaoshiriki chumba, si kama marafiki.

Nilijifunza nini katika ile mistari tisa? Amri ya kufungua programu na amri ya kuzima mashine. Ni vitu ambavyo ungejifunza kwa dakika tano ukiwa unaandika kitu chenye faida. Nilichofanya mazoezi hasa ni kumpa mtu kitu chenye jina la uongo huku nikimwangalia usoni. Huo ndio ustadi ulioingia mkononi. Kodi ilikuwa kisingizio.

Na kama bado unaamini kwamba vifaa hivi ni shule, chukua hii. Januari 2025 kampuni ya usalama wa mtandao ya CloudSEK ilieleza jinsi kifaa cha kuundia programu ya kuvamia kompyuta, XWorm, kilivyosambazwa bure kwa wanaojifunza uhaka. Kifaa chenyewe kilikuwa kimetiwa sumu. Kompyuta zaidi ya 18,000 za wanafunzi hao wa uhaka ziliingiliwa na mwalimu wao. Walikuja kujifunza kumvizia jirani, kumbe wao ndio wa kwanza kwenye orodha. Kwa hiyo, wewe unayejiita mtaalamu kwa sababu umepakua kifaa cha kutengeneza mizaha na ukajaza jina la rafiki yako kwenye kisanduku: hujui kilichomo. Huenda rafiki yako akaona mbuzi, na wewe ukawa umemtumia mwizi funguo za nyumba mbili, yake na yako.

Kuna sheria, ndiyo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inasema kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini kunaweza kukugharimu faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kuvuruga mfumo wake bila idhini ni hadi milioni 10, au miaka mitano. Lakini mimi sitaki kijana mwenye sweta kiunoni aburutwe hadi kituoni. Sheria zetu zina mazoea ya kumshika aliye karibu na kumwacha aliye mbali, na katika mnyororo huu aliye karibu ndiye aliyedanganywa zaidi. Ninachotaka ni kidogo kuliko sheria na kigumu kuliko sheria. Nataka tuache kucheka.

Yule kijana alirudi baada ya wiki mbili. Alisimama mlangoni, karibu na manila, akauliza, "Braza, ile mashine ilipona?" Nikamwambia mashine ni nzima. Nikamwuliza folda ile aliitoa wapi. Akasema alipewa na msee wa fomu ya nne plotini kwao, aliyemwambia ni modi za GTA. Nilimtafuta huyo msee. Hakuwa mhalifu, ni kijana mpole anayesaidia mama yake kuuza mboga. Yeye aliitoa kwenye linki chini ya video, akaijaribu kwa laptopu ya kakake, wakacheka sana, akaona itakuwa tamu kumwekea mdogo. Nilimwambia kilichotupata. Aliangalia chini muda mrefu, halafu akauliza kama laptopu ya kakake nayo imeibiwa. Hakuwahi kuwaza hilo. Tuliketi hapo kibandani tukatumia simu ya mama yake kubadilisha paswadi za kakake na kumtoa kwenye vifaa vyote alivyokuwa ameingia. Ni dakika 20 tu. Ndizo dakika ambazo mimi sikuzitumia Jumamosi ile.

Saiba yetu imebadilika. Barua pepe ya wateja iko kwenye mashine moja tu, ya kaunta, ambayo hakuna flashi ya mtu inayoingia. Kazi ikishachapwa tunaifuta mteja akiona. Tumewasha ile sehemu ya Windows inayoonyesha jina kamili la faili, ili kitu kinachojifanya picha huku kinaishia na .exe kionekane uchi. Mtu akileta modi tunaipitisha kwanza VirusTotal, na tunajua hata hapo si hakikisho. Kijana akiniambia video imesema antivairasi izimwe, namjibu kwamba hiyo ndiyo sababu tosha ya kutoiendesha. Baadhi huniona mnoko. Sawa tu.

Lakini mambo hayo ni ya kujikinga, na mimi sikuja hapa kumfundisha kuku jinsi ya kumkwepa kicheche. Nilikuja kuongea na wewe, msomaji wa miaka 22 mwenye laptopu na bando, unayejua zaidi kidogo ya mdogo wako. Unayo folda hiyo. Iko kwenye flashi, au kwenye Telegram, au kwenye lile kundi la WhatsApp la wachezaji. Ukiitaka kwa ajili ya kucheka na wenzako wanaojua ni nini, iiteni jina lake halisi, muulizane, iendesheni kwenye mashine ambayo haina barua pepe ya mtu. Kama huwezi kuiita jina lake halisi bila kuharibu utamu, basi utamu wake ni uongo, na hujui nani mwingine anaula.

Mathe aliibandua ile manila mwezi uliopita kwa sababu ilikuwa imeanza kuchanika. Hakuna aliyewahi kutuambia kama cheti cha yule mtoto kimetumika mahali. Mama yake hupita hapa kila asubuhi akienda kazini, hunisalimu, na hajawahi tena kuingia ndani.

Ifute.